Kiti Kimoja na Twiti za Miaka Kumi: Kisa cha Alexi McCammond na Teen Vogue

Ijumaa ya tarehe 5 Machi 2021, kampuni ya majarida ya Condé Nast ya New York ilitangaza kwamba mhariri mkuu mpya wa jarida lake la vijana, Teen Vogue, atakuwa Alexi McCammond, mwandishi wa habari za siasa aliyekuwa na umri wa miaka 27. Kazi ilikuwa ianze tarehe 24 ya mwezi huohuo. Tarehe 18, zikiwa zimebaki siku sita tu akalie kiti chake, lilitoka tangazo jingine kwamba yeye na kampuni wamekubaliana kuachana. Baina ya matangazo hayo mawili zilipita siku 13, na kilichozitawala siku zote hizo ni sentensi chache ambazo McCammond alikuwa ameziandika kwenye Twitter mwaka 2011, akiwa na miaka 17.

Kisa hiki kimezoea kusimuliwa kwa namna mbili. Wako wanaokitumia kuwaonya vijana wachunge wanachoandika mtandaoni, na wako wanaokitumia kulalamika kwamba dunia ya leo haisamehi. Nimekisoma mara kadhaa kwa jicho la mtu ambaye kazi yake ni kuajiri, na naona pande zote mbili zinaliruka jambo moja la msingi. Twiti zenyewe hazikuwa siri. Mwenyewe alikuwa amekwisha kuzifuta, amekwisha kuomba radhi hadharani, na walioamua kumpa kazi walikuwa wanajua habari yake. Kwa maneno mengine, alifanya karibu kila kitu ambacho sisi watu wa rasilimali watu huwaelekeza waombaji wafanye, na bado kazi ikamponyoka. Hilo ndilo linalohitaji maelezo.

Tuanze na kiti chenyewe, maana uzito wa kisa umelala hapo. Teen Vogue ilianzishwa mwaka 2003 ikiwa mdogo wake Vogue, jarida la mavazi, vipodozi na watu mashuhuri kwa wasichana wadogo. Desemba 2016, muda mfupi baada ya uchaguzi wa Marekani, ilichapisha makala kali kumhusu Donald Trump iliyosambaa kwa kasi na kuwashangaza watu wengi waliodhani pale hapana lingine ila rangi ya midomo. Toleo la karatasi lilikoma mwaka 2017, likabaki la mtandaoni, na tangu hapo jarida likajulikana kwa kuandika juu ya ubaguzi wa rangi, haki za wanawake, haki za wapenzi wa jinsia moja na siasa kwa jumla, kwa lugha ya vijana. Anayeketi kwenye kiti cha uhariri wa chombo kama hicho hahariri makala tu. Anasimama mbele ya wasomaji vijana kama mtu ambaye neno lake kuhusu haki lina uzito.

McCammond alikuwa na sifa za kutosha. Alikuwa mwandishi wa tovuti ya habari ya Axios, alifuatilia kampeni ya Joe Biden ya mwaka 2020, na mwaka 2019 Chama cha Taifa cha Wanahabari Weusi wa Marekani kilimtambua kuwa mwanahabari chipukizi wa mwaka. Walakini hakuwa amewahi kuongoza chumba cha habari, jambo ambalo lingeweza kuwa mjadala halali kabisa wa usaili, lakini halikupata nafasi ya kujadiliwa kwa sababu mjadala mwingine uliingia mlangoni kwanza.

Twiti zenyewe si ndefu. Katika mojawapo alikuwa akilalamikia alama alizopewa katika swali la kemia: amepata mbili juu ya kumi, kazi yake yote imechorwa mistari ya kukosolewa, wala hakuelezwa amekosea wapi. Mpaka hapo ni malalamiko ambayo kila aliyepita darasani anayajua. Kisha akamalizia kwa kumshukuru kwa kejeli msaidizi wa mwalimu aliyesahihisha, akimwita Mwasia mjinga. Katika nyingine aliandika kwamba yuko mtandaoni akitafuta namna ya kuamka bila macho yaliyovimba kama ya Waasia. Ya tatu ilikuwa maneno machache tu ya kusema kwamba amepitwa na Mwasia, na kwamba hilo si jambo geni.

Nimezieleza kwa kina makusudi, kwa sababu msomaji anayeambiwa tu kwamba ni twiti za kibaguzi hawezi kupima. Si wito wa vurugu, wala si matusi ya mtu aliyepania kuumiza. Ni dharau ya kawaida, ile inayotoka mdomoni bila kufikiriwa, ya kijana anayewaandikia rafiki zake akidhani chumba kizima ni chao. Mtu mwenye asili ya Asia anayezisoma hahitaji kuelezwa kwa nini zinauma, kwa sababu utani wa macho na utani wa akili za hesabu ameusikia tangu shule ya msingi. Udogo wa maneno haya unamfanya msomaji mmoja aseme ni ya kitoto na mwingine aseme anayafahamu mno, na wote wawili wanasema kweli.

Mara ya kwanza twiti hizo kufukuliwa ilikuwa Novemba 2019. Siku hizohizo McCammond alikuwa ametangaza hadharani kwamba Charles Barkley, aliyekuwa nyota wa mpira wa kikapu, alimwambia kwamba yeye huwa hapigi wanawake, ila angekuwa anawapiga, angempiga yeye. Barkley aliomba radhi. Lakini katika zogo hilo watu walirudi nyuma kwenye kurasa za McCammond, wakazikuta twiti za mwaka 2011 na kuzisambaza. Aliomba radhi, akazifuta, na Axios wakaendelea naye. Hapa ipo tabia ya mitandao ambayo waombaji wengi wa kazi hawaijui: maandishi ya zamani hayafukuliwi kwa ratiba, yanafukuliwa siku mwandishi wake anapopata adui, au anapopanda cheo. Mtu anaweza kukaa nayo miaka minane bila kusumbuliwa, kisha yakamrudia mara mbili katika muda wa miezi kumi na sita.

Tuje kwenye uajiri. Condé Nast haikulala usingizi, na hili ndilo linalonivutia zaidi kama mtu wa fani. Anna Wintour, aliyekuwa juu ya wahariri wote wa kampuni, alijua habari ya twiti za kibaguzi, na kabla ya kazi kutolewa alizungumza juu yake na viongozi wasio Wazungu ndani ya kampuni. Mkurugenzi mtendaji Roger Lynch naye alijua. Mkuu wa rasilimali watu, Stan Duncan, aliwaandikia wafanyakazi baadaye kwamba McCammond alikuwa mkweli na muwazi kuhusu machapisho hayo wakati wa mchakato, na kwamba kampuni ilizingatia radhi aliyokwisha kuiomba pamoja na kazi yake ya kuwapa sauti watu waliosahauliwa. Kwa kiwango cha ofisi nyingi ninazozijua, huo ni uhakiki wa kupigiwa mfano.

Hata hivyo ulikuwa na tundu. Gazeti la New York Times liliripoti kwamba kampuni ilijua twiti kuhusu Waasia, lakini haikujua kwamba kulikuwa na nyingine zenye maneno ya kuwadharau wapenzi wa jinsia moja, wala haikujua picha ya mwaka 2011 iliyomwonyesha amevaa mavazi ya kuigiza Wahindi Wekundu katika sherehe ya Halloween, picha ambayo tovuti moja ya mrengo wa kulia iliitoa katika siku hizo za mzozo. Sababu ya kutokujua ilikuwa rahisi: vitu hivyo vilikuwa vimefutwa.

Hapo ndipo ushauri wetu wa kila siku unapovunjika. Tunawaambia vijana wafute. Kufuta kunamzuia nani? Kunamzuia mwajiri mwenye nia njema, anayefungua ukurasa wako kwa njia ya halali na kuangalia kilichopo. Hakumzuii mtu aliyekwisha kupiga picha ya skrini akaiweka. Matokeo yake ni kwamba anayetaka kukutetea anakwenda vitani akiwa na nusu ya habari, na anayetaka kukuangusha anayo yote. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nao hawakuwa na namna ya kujua kwamba ingefika siku kidole ndicho kitakachosema.

Kuna hasara nyingine ya kufuta ambayo sijaona ikizungumzwa sana. Anayefuta anapoteza kumbukumbu yake mwenyewe. Ukiombwa nakala ya kila ulichoandika, mtandao utakupa kilichobaki, si ulichoondoa. Sidai hata kidogo kwamba McCammond alificha jambo kwa makusudi. Mtu wa miaka 27 hakumbuki kila alichokiandika jioni moja akiwa na miaka 17, na akishakifuta hana pa kujikumbushia. Angalau angepakua kumbukumbu zake zote kwanza, akaziweka kwenye kompyuta yake, ndipo afute, ili siku ya kuulizwa aweze kuweka mezani orodha kamili badala ya ile anayoikumbuka. Kwa mwajiri, jambo la pili kugundulika baada ya la kwanza kukubaliwa huwa zito kuliko yote mawili yangekuwa yameletwa pamoja, kwa kuwa sasa swali halihusu tena miaka 17 bali linahusu wiki iliyopita.

Jumatatu ya tarehe 8 Machi, siku tatu baada ya tangazo, zaidi ya wafanyakazi 20 wa Teen Vogue walieleza hadharani kwamba wameuandikia uongozi kupinga uteuzi huo. Hawakuwa watu wa nje wanaotafuta zogo, bali ndio waliokuwa wamelijengea jarida jina la kutetea haki, na sasa walikuwa wanaletewa kiongozi ambaye maneno yake ya zamani yanawagusa wao na wasomaji wao. Wakati nao ulikuwa mbaya. Tangu janga la korona lianze, watu wenye asili ya Asia nchini Marekani walikuwa wakitukanwa na kushambuliwa barabarani, na shirika la Stop AAPI Hate lilikuwa limekusanya taarifa karibu 3,800 za matukio ya namna hiyo kati ya Machi 2020 na Februari 2021. Neno ambalo mwaka 2011 lingepita kama utani mbaya lilikuwa linasomwa na mtu ambaye mama yake anaogopa kwenda sokoni.

McCammond aliomba radhi tena, kwa wafanyakazi na kwa umma, na akakutana na baadhi yao. Kisha fedha zikaanza kuzungumza: kampuni ya vipodozi ya Ulta Beauty ikasimamisha matangazo yake, na Burt's Bees nayo ikafanya vivyo hivyo. Tarehe 16 Machi mtu mwenye bunduki aliua watu wanane katika nyumba za kukandia mwili mjini Atlanta na viunga vyake, na sita kati yao walikuwa wanawake wenye asili ya Asia. Siku mbili baadaye McCammond aliandika kwamba twiti zake za zamani zimefunika kazi yake, na kwamba yeye na Condé Nast wanaachana.

Sasa nirudi kwenye swali la mwanzo, kwa nini yale yaliyotosha mwaka 2019 hayakutosha mwaka 2021. Jibu langu ni kwamba chapisho halina uzito mmoja wa kudumu. Linapimwa upya kila mara mwandishi wake anapoomba kiti kipya, na mizani huwa ni kiti, si chapisho. Axios walikuwa na mwandishi anayewahoji wanasiasa, hana mtu chini yake, na msomaji anataka kwake habari sahihi tu. Walipojiuliza kama twiti zile zinamzuia kufanya kazi hiyo, jibu la hapana lilikuwa na mantiki. Teen Vogue ilikuwa kazi ya kuwasimamia watu, wakiwamo wenye asili ya Asia, kuwapa kazi, kupima makala zao, kuamua nani apandishwe, na juu ya hayo kuwa uso wa jarida linalowafundisha vijana wasizungumze hivyo. Twiti zilikuwa zilezile na radhi ilikuwa ileile. Msaidizi aliyesahihisha kemia alikuwa mtu mmoja wa mbali, lakini sasa palikuwa na chumba kizima cha watu waliojiona wamekaa mahali pake, huku kalamu ya kusahihisha ikiwa mkononi mwa aliyemtukana.

Kwa hiyo naona Condé Nast walijibu vizuri swali ambalo halikuwa lenyewe. Walijiuliza kama huyu mtu amebadilika, wakaridhika kwamba amebadilika, na huenda walikuwa sahihi. Wafanyakazi walikuwa wanauliza jambo tofauti: sisi tutakaa naye vipi, na mbona hakuna aliyetuuliza? Radhi ina anayeombwa. Ile ya 2019 iliombwa kwa umma wa Twitter, na watu hawa hawakuwamo. Kushauriana na viongozi wa ghorofa za juu, hata kama si Wazungu, si sawa na kuzungumza na mwandishi wa chini ambaye ndiye atakayeletewa swali na wasomaji kesho yake asubuhi.

Kosa hilo linashangaza zaidi ukikumbuka kwamba kampuni ilikuwa imeungua mwaka mmoja kabla. Juni 2020, Adam Rapoport, mhariri mkuu wa Bon Appétit, jarida la mapishi la kampuni hiyohiyo, alijiuzulu baada ya kuibuka picha ya mwaka 2004 iliyomwonyesha amevaa kwa kuwaiga watu wa Puerto Rico, picha iliyokuwa imewekwa Instagram mwaka 2013, na nyuma yake yakafuata malalamiko ya wafanyakazi juu ya malipo na ubaguzi. Mwezi huohuo Wintour aliwaomba radhi wafanyakazi kwa kutowapa watu Weusi nafasi ya kutosha. Baada ya hayo, kumtangaza McCammond kwa shangwe bila kwanza kuiandaa nyumba ilikuwa ni kumpeleka bibi harusi kwa wakwe ambao hawajaambiwa kuna posa. Aliyeumia kwa uzembe huo ni yeye kwanza, na katika hili namwonea huruma kuliko ninavyoihurumia kampuni.

Hoja ya umri nayo naichukulia kwa uzito. Kuna kichekesho kichungu katika jarida la vijana kumkosesha mtu kazi kwa aliyoyaandika akiwa kijana, na wasomaji wa Teen Vogue wenyewe wana miaka 17 na wanaandika kila siku vitu watakavyovijutia. Laiti angekuwa ameomba kazi ya uandishi hapohapo, kisha akapanda ngazi akiwa miongoni mwa watu wanaomfahamu, nadhani kisa hiki kisingekuwapo. Lakini umri wa mwandishi hauondoi haki ya anayetakiwa kuongozwa naye kuuliza swali. Unachompa ni haki ya kusikilizwa jibu lake kabla ya hukumu, na jibu hilo halikupewa muda: barua, matangazo ya biashara na vifo vya Atlanta vyote vilirundikana ndani ya wiki mbili.

Nikilinganisha na ofisi zetu za huku, namwona McCammond ana bahati ya aina fulani. Yeye alijua anashtakiwa kwa lipi. Katika majopo ya usaili niliyowahi kuketi, jambo hili huja kwa njia nyingine: usiku wa kuamkia siku ya kufunga alama, mjumbe mmoja anatumiwa picha ya skrini kwa WhatsApp, anamsogezea mwenzake simu chini ya meza, hakuna kinachoandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, na mwombaji anapata barua ya kumshukuru kwa kuonyesha nia. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina ya mwaka 2022, na zote mbili zinampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa na kuomba zirekebishwe zikiwa si sahihi. Haki hiyo inahitaji taarifa iwe imeandikwa mahali. Simu iliyopita chini ya meza haina faili, na hata ikiwa posti yenyewe ni ya mtu mwingine mwenye jina kama lake, mwombaji hatapata nafasi ya kusema si yangu.

Kwa sababu hiyo, mimi sasa hulidai jambo hili lifanywe waziwazi. Mjumbe akiwa na picha ya skrini ailete mezani, iandikwe, mwombaji aitwe na aulizwe: ni yako, uliiandika lini, na ungewaambia nini watu wa idara utakayoiongoza wakiiona? Swali la mwisho ndilo ninaloling'ang'ania. Nimeona waombaji wakijikanyaga kwenye mawili ya mwanzo, kisha wakajibu la tatu kwa namna iliyofanya jopo zima linyamaze na kuandika.

Teen Vogue ilimpata mhariri mkuu wake Mei 2021: Versha Sharma, mwanahabari mwenye asili ya India. Mwezi Julai McCammond alirudi Axios kuandika habari za siasa, kwenye meza ambayo twiti za mwaka 2011 zilikuwa zimekwisha kupimwa na kuachwa zipite.